Mkono Ulioshika Ubavu

Mwanangu Mwanamvua,

Kumsalimu kwa barua mtu mnayelala naye chini ya paa moja ni kichekesho, basi salamu nazifupisha: hujambo nakuona, nami sijambo waniona. Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga bibi yako, na nimjuavyo mama yangu hatakuachia mpaka ule, ukatae, ule tena, halafu akufungie vya njiani. Nina nafasi mpaka magharibi. Nimekaa barazani, kamba zangu nimeziweka kando, kalamu ni ya baba yako, na herufi ni zile za Kiarabu za chuoni nilizofunzwa utotoni, kwa kuwa za shuleni kwenu sikuzipata. Unazisoma vizuri, nimekusikia. Mahali mstari umepinda usinicheke, ni baraza imeinama.

Ya kula na kulala na kuswali na kuchagua marafiki sitayaandika. Hayo nimekuimbia tangu siku tulipoanza kukufungia sanduku, na wewe umeitikia "ndiyo, mama" mpaka nikaona haya mwenyewe. Nataka kukuandikia jambo moja, ambalo kila nikifungua mdomo kulisema hugeuka ugomvi: mbio zako. Mbio, na lile neno nililolitamka uwanjani mbele ya watu, ambalo mwaka mzima sasa limekaa nyumbani kwetu kama mgeni asiyeaga. Wewe humtazami, mimi simtazami, na kesho unaondoka.

Nianze na mjomba wako Bakari, maana bila yeye utaona mama yako ni mkorofi tu. Alikuwa mdogo wangu wa kunifuata, mtoto mcheshi, mwembamba miguu na mikono, lakini tumbo lake upande wa kushoto lilikuwa limejaa na gumu, ungedhani kaficha embe ndani ya kanzu. Watoto wengi hapa Tongoni walikuwa hivyo na wengine wako hivyo hata leo. Homa ikishamzoea mtoto humwachia bandama lililovimba. Basi siku hiyo tulikuwa tukishindana mbio kule kwenye magofu, mimi mbele yeye nyuma, akajikwaa kwenye jiwe akaangukia tumbo. Akainuka, akacheka, akasema ubavu wauma. Adhuhuri midomo yake ilikuwa myeupe. Jua halijazama watu walikuwa wameshajaa uwanjani kwetu, nami nimekaa pembeni sijui mikono yangu niiweke wapi.

Wazee walisema bandama limepasuka. Bibi yako, aliyepoteza mwana na akawa anatafuta cha kulaumu, alisema ni mbio. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni," akasema, na akarudia kila siku mpaka arubaini ikapita. Hakuna aliyesema ni jiwe. Hakuna aliyesema ni homa. Nilikuwa msichana mdogo, nikalichukua neno hilo nikalimeza zima zima, na toka siku ile sikukimbia tena. Hata mvua ikinikuta shambani nilitembea nikalowa.

Wewe ulizaliwa wakati wa masika, ndiko lilikotoka jina lako, na masika ya kwetu wayajua, mbu hawapigi hodi. Hujatambaa vizuri homa ilikuwa imeshakuzoea. Bibi yako alikupeleka kwa fundi akakuchanja zile chale za ubavuni ambazo hupendi zionekane. Ulipofika umri wa kung'oka meno, bandama lako lilikuwa limeshuka mpaka karibu na kitovu. Kila nikikuogesha nililipapasa na kulisemesha, nikilibembeleza lirudi kwake. Lilikuwa halina habari nami.

Miaka ile mkonge ulipopanda bei na kila kijana akanunua baiskeli, ndipo walipokuja watu wa kuchunguza homa kutoka Amani, kule milimani, na gari lao. Waliwapanga watoto wote mstari mbele ya nyumba ya jumbe, wakawatoboa vidole, wakawapapasa mbavu. Wenzako walipiga mayowe. Wewe ulimkazia macho yule mzungu mpaka akatabasamu. Mkono wake ulipofika ubavuni mwako ukakaa. Akazungumza na kijana wa Kibondei aliyekuwa mkalimani wake, na yule kijana akanigeukia kwa adabu.

"Shikamoo mama. Bandama la mtoto huyu ni kubwa. Bwana atakupa dawa. Lakini kwa sasa asikimbie, asiruke, wala asipigwe, maana akiangukia tumbo ni hatari. Akikua litarudi lenyewe."

Nilisikia yote, hata lile la "kwa sasa" na lile la "litarudi". Si kiziwi mimi. Lakini mtu aliyemzika nduguye hayapokei maneno yote sawasawa, huchagua. Nikachagua "asikimbie", nikaenda nalo nyumbani, na hayo mengine nikayaacha pale pale kwa jumbe.

Ndipo nilipokufundisha ule mkono. Nilikusimamisha hapa hapa barazani, nikakichukua kiganja chako cha kushoto nikakibandika ubavuni. "Hapa pana yai," nikakuambia. "Ukitembea, lishike. Ukipanda ngazi, lishike. Mtu akikujia kwa kasi, lishike. Usiachie ubavu huu mpaka mimi niseme." Ukafikiri kidogo, ukaniuliza, "Na nikilala?" Nikacheka, nikasema ukilala Mwenyezi Mungu atalishika.

Kusema kweli kulikuwa na faida yake. Nilikwenda kwa maalim wako chuoni, nikamweleza una bandama, akaiweka bakora chini, na hujapigwa tangu hapo. Haukupita muda nusu ya watoto wa chuo wakawa wanatembea wameshika mbavu. Maalim alinijia hapa analalamika kwamba nimemharibia kazi.

Walirudi tena wale watu wa homa, wewe umeshaota mwili, unakaribia kwenda kukaa mjini. Wakakupapasa. Mzungu akatikisa kichwa, akapapasa tena, akasema neno, na mkalimani akasema, "Mama, hongera. Hakuna kitu. Limerudi mahali pake."

Nikamwambia, "Mwambie bwana, bandama huona haya kwa wageni. Leo limejificha."

Mzungu alipotafsiriwa alicheka. Yule kijana hakucheka. Akasema, "Mama, bandama si panya."

Nikakushika mkono tukaenda zetu. Njiani nikakukumbusha ushike ubavu, ukashika. Baba yako alikuwa ametoka kwenye tanuri la chokaa, mweupe mpaka kope, nikamhadithia jinsi wale watu wasivyojua kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanawa uso, akasema, "Mama Mvua, mtoto amepona. Mgonjwa umebaki wewe." Siku hiyo alikula muhogo wa kuchoma aliojichomea mwenyewe. Lakini neno lake lilinikwama.

Sasa tufike uwanjani. Kila mtu pale alikuona wewe, hakuna aliyejua mimi niliona nini.

Nilikuwa nimekuja mjini na mizigo yangu ya kamba. Ziliuzika mapema, nikasema nipite shuleni kwenu nikuone, kisha nende Usagara kwa mama yako mdogo unayekaa kwake nimpelekee nazi. Nikakuta uwanja umejaa watu. Wasichana wa shule mbalimbali walikuwa wakishindana, na akina mama wamesimama pembeni, wengine wanashangilia, wengine wanaziba midomo kwa buibui. Nikajipenyeza. Kundi lilikuwa linakuja, na mbele kulikuwa na wawili, mmoja mrefu na mmoja wa kiasi. Huyu wa kiasi nilimpenda kabla sijamjua. Wenzake walikuwa wanapigana na ardhi, yeye alikuwa kama anaiomba njia, nayo inampa. Shingo imesimama, uso umetulia, macho yako mbele tu, hamtazami yeyote. Sikuwa nimewahi kumwona mtoto wa kike akiwa mwenyewe namna ile. Nikasema kwa sauti, hata mwanamke wa karibu yangu akasikia, "Mama wa yule ana raha gani!"

Halafu nikauona mkono. Wa kulia ulikuwa unakwenda na kurudi kama ya wenzake. Wa kushoto ulikuwa umebanwa ubavuni.

Mambo mawili yaliniingia kwa pamoja: yule ni mwanangu, na limepasuka. Nilidhani umeshika maumivu. Nilidhani waanguka sasa hivi, wainuka, wacheka, na adhuhuri midomo iwe myeupe. Na hata hapo sikukimbia, mwanangu. Nilikuja kwa mwendo wa kusukuma watu, nazi zikamwagika, nikakukamata ulipokuwa unapita kamba ya mwisho, nikakulaza kwenye nyasi mbele ya walimu na wageni wao, nikakupapasa tumbo. Ulikuwa unahema, unasema, "Mama, sina kitu. Mama, watu wanatutazama. Mama." Na kweli hukuwa na kitu. Tumbo lilikuwa laini, moyo unapiga kwa nguvu na kwa utaratibu. Mtu mwenye akili zake angeshukuru. Hofu yangu ilikosa pa kutua, ikageuka hasira. Nikasimama nikasema lile neno.

"Mwanamvua, ukikimbia tena, radhi yangu huna."

Hakuna mtu wa pwani asiyejua uzito wa neno hilo. Ulichukua kanga yako ukajitanda, ukaondoka kwa miguu, pole pole, mkono ungali ubavuni. Niliokota nazi zangu peke yangu.

Na hukukimbia. Mwaka mzima hukukimbia, hata kwa siri, nami nina macho ya kujua siri zako. Ukanawiri, watu wakakusifu, bibi yako akasema sasa ndiyo mtoto anapendeza. Lakini ulipokuja likizo ulikaa nami kusokota kamba toka asubuhi na hukuimba. Wewe uliyekuwa ukiimba hata ukipara samaki. Ulikuwa unapanda kutoka kisimani unahema, unapumzika njiani mara kwa mara kama mama wa watoto wengi. Homa ikakurudia, ndogo ndogo, na wewe ulikuwa umeshaisahau. Sitasema ilikuja kwa sababu uliacha mbio. Sijui. Najua tu kwamba nilikuwa nimekukataza kitu kwa ajili ya afya yako, na kila siku afya ilikuwa inapungua mbele ya macho yangu. Nilijitia sioni.

Kisha akaja Mwalimu Agnesi, mwalimu wako yule Mbondei, kutuletea habari kwamba umechaguliwa kwenda chuo cha ualimu bara. Baba yako alimkaribisha kiti, nami nikamletea uji wa mchele wenye tui. Alikunywa, akatusifia mtoto, halafu akasema neno alilokuja nalo hasa.

"Mama, huko chuoni wana uwanja mzuri na mashindano kila mara. Ningependa akimbie. Lakini nimemwambia, naye amekataa. Anasema hana radhi."

"Ni kwa heri yake, mwalimu," nikamwambia. "Siku ile si ulimwona mwenyewe alivyoshika ubavu kwa maumivu?"

Akaweka kikombe chini. "Maumivu gani, mama? Yule hukimbia hivyo siku zote. Nimempigia kelele mpaka sauti imekauka: achia ubavu, Mwanamvua, achia! Mtu hakimbii kwa mkono mmoja. Siku ile alikuwa wa pili kwa kiasi cha kiganja. Angeachia asingepatikana. Nikimwuliza kwa nini haachii, hunijibu, 'Mama amesema nisiachie mpaka yeye aseme.'"

Nikainuka, nikasema naenda kutazama chungu. Jikoni hakukuwa na chungu. Nililia, Mwanamvua. Nililia mpaka baba yako akaanza kumweleza mwalimu habari za chokaa ili asinisikie. Kumbe ulikuwa ukiniasi kwa miguu na kunitii kwa mkono. Ulipokuwa mbali nami, hakuna anayekuona, katikati ya kitu ukipendacho kuliko vyote, bado ulilishika yai nililokupa, yai ambalo halikuwapo tena, na ukakubali kushindwa kuliko kuliachia. Nimesikia watu wakiwasifu watoto wao kwa utii. Sijasikia wa namna hiyo. Nakustahi kwa hilo, na sijawahi kukuambia.

Ungedhani nilitoka pale pale nikakurudishia radhi. Hunijui mama yako? Nilihitaji kwanza kujua zile mbio zina nini ndani yake. Hapa kila mtu ana lake. Bibi yako asema zaua. Mwalimu Agnesi asema zajenga. Mama yako mdogo asema zaharibu kizazi, naye ni yule yule asemaye mapapai yaharibu kizazi, na kuoga usiku, na kucheka sana. Wote hawakimbii, isipokuwa wewe, na wewe nilikuwa nimekufunga mdomo. Nikaona nimwulize mtu mmoja ambaye hawezi kunidanganya, mwili wangu mwenyewe.

Wakumbuka ile asubuhi karibu Tongoni yote ilikwenda kwenye harusi, mimi nikasema nabaki kugeuza makumbi ya nazi niliyoyafukia pwani yalainike kwa kamba? Makumbi yangekaa hata wiki. Nilishuka maji yakiwa yametoka, mchanga umekauka na umeshikana, nikatazama huku na huku, nikapandisha kanga, nikaanza. Lo, mwanangu! Mara ya kwanza nilikwenda upande upande kama kaa. Sikuelewa kwa nini mpaka nikajitazama: nilikuwa nimeshika ubavu. Mimi! Sina bandama, sijawahi kuwa nalo, nami nimeshika. Nikauondoa mkono. Nikaanza upya, na mikono yote ikaenda kama inavyotaka kwenda, na kifua kikafunguka, na kwa kitambo kidogo, mpaka kwenye mikoko ya kwanza, nilikuwa msichana mdogo tena na Bakari yuko nyuma yangu anacheka. Sikumsikia akianguka. Nilimsikia akicheka tu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimesahau kwamba kabla ya jiwe tulikuwa tunafurahi.

Nilipogeuka nikamkuta jirani yetu Bi Mgeni amesimama na ndoo yake ya kombe alizookota, macho yamemtoka.

"Mama Mvua! Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Moto?"

"Hakuna moto."

"Basi wakimbia nini, mwenzangu?"

"Nakimbia tu, Bi Mgeni."

Aliniacha pale, akaenda moja kwa moja kwa bibi yako kumwambia nimepandwa na shetani wa pwani. Ndiyo maana jioni ile bibi alikuja na chetezo na ubani mpaka ukapiga chafya. Nilikuambia ni kwa ajili ya mbu.

Na magoti yangu yakaniuma siku kadhaa, nikakuambia ni baridi. Hapo nawe ulishangaa, baridi gani ya Tongoni. Kwa hiyo sikuambii mbio ni dawa tupu, na akija mtu kuniambia hivyo nitamwonyesha magoti. Lakini nimefikiri nikiwa nayapaka mafuta ya nazi. Magoti haya yaliharibikia wapi? Si pwani asubuhi moja. Yameharibikia hapa barazani, miaka yote nimekunja miguu napiga makumbi na kusokota, sijanyoosha hatua kwa sababu naogopa. Mgongo wangu umepinda hapa. Pumzi yangu imefupikia hapa. Ila hakuna aombolezaye mtu aliyekaa. Anayekimbia akiugua husemwa ni mbio, anayekaa akiugua husemwa ni umri. Na hata ile mwenda pole hajikwai, wewe mwenyewe umeniona mara ngapi nikijikwaa kizingiti cha mlango wangu.

Basi nilichokipata ndicho hiki, nacho ni kidogo. Bakari aliuawa na homa iliyokaa ndani yake miaka, na jiwe. Yule kijana wa Amani alinipa neno la kweli, nalo lilikuwa na mwanzo na mwisho wake, mimi nikachukua mwanzo. Utakapokuwa mwalimu utawapa watoto wa watu makatazo, hakuna budi. Ukimkataza mtoto kitu, mwambie na siku utakayomwachia, halafu siku hiyo ikifika uikumbuke wewe, usimwachie yeye aikumbuke. Na wewe ukishikwa na homa huko, usikimbie mpaka ipoe kabisa. Hilo sikuachii, usitafute mlango.

Jua limeshaingia barazani, karibu utarudi. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako. Isome, uikunje, na usinijie nayo tuanze kulia na kuambiana samahani, maana bibi yako atakuja kukuaga tena na atatukuta na macho mekundu aseme ni yale yale ya Bi Mgeni.

Lakini radhi iliyofungwa kwa mdomo haifunguliwi kwa kalamu, wajua taratibu zetu. Kesho asubuhi, kabla hujavuka kizingiti, nitakuwa nimesimama na kikombe cha maji. Nitayasukutua, nitakutemea kifuani, nami nitasema mbele ya baba yako na bibi yako na yeyote atakayekuwapo kwamba neno lile nimelirudisha, lote, sikubakiza hata punje. Unikingie kifua tu, usiseme kitu. Halafu nitakwambia jambo nililopaswa kukwambia siku ile bandama lilipokosekana, na ambalo wewe umelingoja miaka yote hii bila kuninung'unikia.

Achia ubavu, mwanangu.

Lori litapiga honi kule barabara ya Pangani, wala si mbali, watu wa mtaa wote watakuwa wametoka kutazama. Buibui nipe nikushikie. Bibi yako atasema mbio za sakafuni, mwache aseme, kutoka mlangoni kwetu mpaka barabarani hakuna sakafu wala ukingo, ni mchanga mtupu. Uende kwa mikono yote miwili. Nataka nikuone mara moja nikijua ni nani ninayemtazama, na Bi Mgeni akiniuliza nani kafa nimjibu kwamba yule ni mwanangu, ndivyo anavyokwenda.

Mimi nitakuwa nyuma na sanduku lako kichwani, kwa mwendo wangu na magoti yangu. Usinisubiri.

Mama yako